Kuhusu hizo kucha zako

Mambo shoga, meseji yako nimeiona, ya vidoa vyeupe kwenye kucha, kubanduka, mstari mweusi wa dole gumba na ukucha wa dada yako, na kwanza acha nicheke, hivyo vidoa vyeupe sio upungufu wa kalsiamu jamani, hiyo habari sijui nani aliianzisha. Mara nyingi ni ukucha uligongwa au ulibanwa pale kwenye shina, doa likaja kuonekana baadae na linasogea mbele pole pole mpaka unalikata lenyewe. Kucha za mkononi zinaota kama milimita 3 kwa mwezi, yani kilichopo kwenye ncha leo kilitengenezwa miezi kadhaa nyuma, kwahiyo hivyo vidonge vya kalsiamu achana navyo tu.

Hilo la kucha kubanduka matabaka matabaka ndo la kushughulikia. Mikono yako inashinda kwenye maji, ukucha unafyonza unavimba, ukikauka unasinyaa, ukirudia hivyo kutwa nzima lazima uachie. Vaa glovu za mpira ukifua, ukimaliza paka mafuta mazito mpaka kwenye kingozi cha pale shinani, na hiyo asetoni ya kutolea rangi punguza. Na hicho kingozi usikikate bwana, ndo kinazuia vidudu visiingie, watu wa saluni wanapenda kweli kukinyofoa ukiwaachia. Pakianza kuvimba na kudunda na usaha, nenda hospitali, usitoboe na sindano.

Sasa huo mstari mweusi wa dole gumba ndo ulionifanya nikuandikie marefu. Sisi wenye ngozi nyeusi mistari hiyo ni kawaida sana, hasa ikiwa kwenye vidole kadhaa na ipo miaka yote. Ila wako umesema ni mpya na uko kidole kimoja tu, hapo mi ningeenda kwa dokta wa ngozi, na ukiona unapanuka au weusi unahamia kwenye ngozi ya pembeni ndo usisubiri kabisa maana kuna saratani inaanziaga hivyo. Mara nyingi inakuwa sio, ila akuangalie yeye, sio mimi.

Dada yako nae mwambie asikimbilie kununua dawa ya fangasi. Ukucha kuwa mnene wa njano na kumeguka kweli unaweza kuwa fangasi, lakini soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi, nayo inafanana hivyo hivyo, hasa kama kuna vijitundu vidogo vidogo juu, na dawa za fangasi zinaliwa miezi sasa umeze zote hizo bure? Hospitali wakate kipande cha ukucha wapime kwanza. Kucha zake zingekuwa zimebonyea katikati mpaka tone la maji linatulia ningemwambia apime damu, madini ya chuma yanaweza kuwa yamepungua.

Hiyo gel, rangi ya kucha unayotaka kupaka wikiendi, ahirisha basi, itafunika mstari wote dokta ataona nini? Piga picha ya hilo dole gumba leo bila rangi, karibu na dirisha, unitumie, na uitunze ili akiuliza kama umepanuka uwe na cha kumuonyesha.