Mdogo wangu aliinuka akaniacha kwenye benchi la wageni

Shangazi,

Ni saa kumi za usiku hapa Tukuyu, mvua inapiga bati tangu jana jioni na sijafumba jicho. Huenda nakuzidi umri, nina miaka 68, lakini nakuita Shangazi kama wenzangu wote wanavyokuita. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumanne na humu ndani sina wa kumwambia, maana wenye nyumba ndio wahusika. Ona sasa, nimeandika "wenye nyumba". Nyumba hii nimeijenga mimi.

Jumanne tulishuka Mbeya mjini na mdogo wangu kufuatilia kibali changu cha ukaazi. Tulipanda kosta alfajiri, ukungu umejaa mpaka Kiwira, yeye ndiye aliyenibebea bahasha ya makaratasi. Tukafika, tukakaa. Kijana wa mapokezi akaniamkia vizuri, shikamoo mama, akatazama pasi yangu ya Uingereza, akasema benchi lile ni la wageni, wananchi wahamie la upande wa pili. Hakusema kwa ubaya, simlaumu. Lakini mdogo wangu aliinuka, Shangazi. Hakuwa na shida yake yoyote pale, alinisindikiza tu. Angeweza kusema huyu ni dada yangu, nakaa naye. Aliinuka, akaenda kukaa kule, na bahasha yangu mkononi.

Mtoto huyo nimembeba mgongoni mimi. Mama akienda kuchuma chai mimi ndiye niliyebaki naye, nikimpondea ndizi. Ada za wanawe wanne zilitoka kwangu, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na sijawahi kumdai hata asante.

Najua utaniambia nilijitakia, kwa nini nilichukua uraia wa watu. Wote wanasema hivyo, hata mchungaji alisema kwa kuzunguka. Basi nikueleze. Mwaka 2003 nilikuwa Uingereza, naogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, karatasi zangu nimezipeleka kuongezewa muda na pasi wameishikilia huko. Nikapigiwa simu kwamba mama amelazwa. Niliandika, nilipiga simu, nililia kwenye simu, pasi haikutoka. Mama akafa, akazikwa, mimi niko zamu ya usiku namgeuza mama wa mtu mwingine kitandani asipate vidonda. Baada ya hapo niliapa kwamba karatasi haitanizuia tena kufika nyumbani. Nilipopata nafasi ya uraia wao nikachukua. Nilijua sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, sikudanganya mtu. Lakini niliuchukua ili niweze kuja nyumbani, mtu akinisikiliza ataelewa. Mdogo wangu anaijua habari hii yote, maana ndiye aliyenipigia simu ya msiba.

Nimerudi Septemba 2023, baada ya kufikisha umri wa pensheni. Nilidhani kazi ngumu imekwisha. Hapa sina namba ya NIDA, na laini ya simu ukitaka kuisajili kama mgeni ni pasi na kusafiri hadi mjini, kwa hiyo mdogo wangu akasema usihangaike dada, akanisajilia ya jina lake. Nilishukuru. Sasa kila ninayemtumia hela anaona jina la mdogo wangu. Kiwanja nilikinunua 2008, nikiwa tayari na pasi ya kule, na wakati ule asiye raia alikuwa hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo nacho kikaandikwa jina lake. Hati ni yake, bili ya umeme ni yake. Mabati, saruji, madirisha, hata mbao za dari nilinunua mimi, risiti ninazo kwenye sanduku.

Pensheni yenyewe nikueleze, maana hapa wanadhani nimekalia dola. Nilichangia miaka 28, haifiki ile 35 ya kupata kamili. Halafu Uingereza ina utaratibu kwamba ukihamia nchi kama yetu pensheni ya serikali inagandishwa pale pale ulipoondokea. Aprili 2024 wenzangu waliobaki waliongezewa asilimia 8.5, mimi sifuri. Nilikuwa na mwenzangu wa zamu, Mjamaika, amerudi kwao Jamaica na yeye anaongezewa kila mwaka, kwa kuwa nchi yake ina makubaliano nao. Tumeogesha wazee wale wale, tumekatwa michango ile ile. Yangu itabaki hivi hivi mpaka nife.

Na wanataka uwathibitishie kwamba hujafa. Wanaleta fomu kwa posta, ujaze, shahidi aweke sahihi, uirudishe. Yangu ilikuja kwenye sanduku la usharika, ikakaa huko wiki nyingi, aliyekuwa akichukua barua alikuwa amesafiri. Pensheni ikasimama miezi miwili. Lazima niseme ukweli hapa, Shangazi, miezi hiyo miwili nililishwa na wifi yangu. Hakuninyima hata chumvi. Alikuwa ananiletea uji chumbani na hakuwahi kuuliza hela zitaingia lini. Ndiyo maana nashindwa hata kukasirika vizuri.

Mwezi uliopita nikaamka nikakuta mafundi wanavuta kamba mbele ya nyumba, pale nilipopanda maua. Wanapima fremu tatu za maduka. Nikamuuliza mdogo wangu, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, wewe pumzika." Nikanyamaza. Siku hiyo hiyo nikamsikia mwanawe wa mwisho akimwambia rafiki yake kwenye simu, njoo utupate pale nyumbani kwa baba. Kwa baba! Sikulala. Ila wakati ule nilijisemea ni mtoto, hajui. Jumanne ndipo nilipoelewa kwamba pengine anajua. Angekuwa amekaa tu kwenye lile benchi hata haya ya fremu nisingeyaandika.

Binti yangu yuko Leicester na watoto wawili, ananiambia mama rudi, pensheni itaanza tena kupanda na hospitali utatibiwa. Ni kweli. Lakini anakaa vyumba viwili, nitalala na wajukuu, na baridi ile siiwezi tena. Yule kijana wa ofisini aliniambia naweza kuukana uraia wa kule nikaomba wa hapa upya. Nikiukana, kumwona mwanangu itabidi niombe viza, nipange foleni na taarifa za benki kama msichana anayetafuta kazi. Binti ananitumia pia habari za hadhi maalum kwa diaspora wenye asili ya Tanzania, anasema hiyo ndiyo dawa. Mimi sitaki kupewa hadhi. Nikipita sokoni wananiita kwa jina la ukoo wangu, wananisalimia kwa Kinyakyusa, mama na baba wamelala pale juu kwenye migomba. Hadhi ya nini?

Nyumba siitaki, nataka hilo lieleweke. Sitakwenda nayo kaburini. Ila nataka aniulize. Na nataka iwepo karatasi, hata kama ni ya mkono mbele ya mchungaji na wazee wa ukoo, inayosema nikitangulia mimi binti yangu asifukuzwe mlangoni akija kwenye msiba wangu, na akitangulia yeye wanawe wasinitoe. Karatasi kama hiyo ina nguvu yoyote, wakati binti yangu naye ni raia wa kule? Nikimwomba mdogo wangu sahihi, si ndiyo nitakuwa nimemwambia kwamba yeye ni mwizi? Hajaiba kitu. Hajawahi kunijibu vibaya tangu azaliwe. Aliinuka tu.

Usiku huu nimewaza niende kwa wakili Mbeya mjini bila kumwambia, na nimewaza pia nikate tiketi niondoke nimwachie fremu zake. Nimewaza pia kwamba labda aliinuka kwa kuwa aliambiwa, watu wetu ofisini tunaogopa, hata mimi ningekuwa yeye labda ningeinuka. Nimejaribu kuamini hivyo tangu Jumanne. Lakini njiani kurudi alikaa kiti cha mbele na dereva, na mimi nyuma, hatukusema neno mpaka Tukuyu.

Usinitaje jina wala mtaa. Na kama utanijibu, naomba iwe kabla ya mwisho wa mwezi, maana kibali kinaisha tarehe 30, na wa kunisindikiza tena ni yeye.