Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mifugo: kabla ya kugawa madume wa Merino

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kabla madume hawajafika mazizini mwetu, kwa kuwa wakishapanda hakuna wa kuirudisha mimba nyuma. Sipingi uchotara hata kidogo. Hofu yangu ni kwamba mpango wa ofisi yako wa kutugawia madume wa Merino, kondoo wa sufu laini, ili wawapande majike wetu, unazungumzia dume na wanakondoo wake wa kwanza, kisha unanyamaza.

Kimya hicho nimekilipia. Niliwahi kupandisha majike wangu wenye nywele ngumu kwa dume wa sufu laini, na uzao wa kwanza ulinipa furaha kubwa. Wanakondoo walifanana, walikua vizuri, na sufu yao ilikuwa nzuri kuliko ya mama zao. Nikaamini kazi imekwisha. Nikawaacha madume chotara wawapande majike chotara, na hapo ndipo damu ilipotawanyika: wanakondoo wa mama mmoja, huyu ana sufu ya kuvutia, yule mapaja yamejaa nywele za bibi yake. Siku ya kunyoa nilitia yote katika gunia moja. Mnunuzi akaingiza mkono, akachomoa nywele nyeupe nene, akalishusha daraja gunia zima. Alikuwa na haki. Nywele zile zina uwazi ndani na hazionyeshi rangi kama sufu, kwa hiyo kitambaa kikishatiwa rangi hubaki zimejitokeza kama makovu. Kondoo mmoja anatosha kuharibu jasho la kundi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni tunataka kufika wapi. Ipo njia ya kuendelea kupandisha majike chotara kwa Merino halisi: mtoto ana nusu ya damu, mjukuu robo tatu, kitukuu sehemu saba kati ya nane. Mimba ni miezi mitano, na jike huhitaji mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kuzaa mara ya kwanza, basi vizazi vitatu ni kazi ya miaka, na kila kizazi kinadai dume mpya asiye baba wala babu wa majike anaowapanda. Nani atamleta huyo dume wa pili na wa tatu? Tena damu nyingi ya Merino si heri kila mahali. Kwenye ardhi yenye unyevu kondoo hawa husumbuliwa mno na kuoza kwato, na kondoo anayechechemea hawezi kula vizuri, wala hatoi sufu ya maana.

Njia nyingine ni kusimama katikati na kuimarisha mchanganyiko. Mfugaji James Little aliifuata njia hiyo huko New Zealand katika karne ya 19. Alichukua majike wa Merino, ambao unene wa sufu yao kwa kawaida haufiki mikroni 24 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), akawapandisha kwa madume wa aina ya Lincoln wenye sufu ndefu inayozidi mikroni 35. Kisha akapandisha chotara kwa chotara, jambo lile lile lililoniangusha mimi. Tofauti ni kwamba yeye alichagua bila huruma, kizazi baada ya kizazi, akiwaondoa wasiofaa, na wote wawili aliowachanganya walikuwa kondoo wa sufu. Hivyo ndivyo kondoo wa aina ya Corriedale alivyopatikana, mwenye sufu ya kati, ya mikroni 25 hadi 31 hivi, na nyama pia. Mimi niliacha zizi lijichagulie.

Uchaguzi unahitaji macho, na mkono pekee hautoshi. Unene wa sufu hurithiwa kwa nguvu, zaidi hata ya uzito wake, kwa hiyo sampuli ndogo ya ubavuni ikipimwa mikroni inasema mengi kuhusu watoto watakaozaliwa. Tupatieni huduma hiyo ya kupima, pamoja na hereni za masikioni na daftari linaloonyesha nani kazaa nani. Na liwepo kundi mama linalotunzwa bila kuchanganywa. Ufaransa ilipokea Merino kutoka Hispania mwaka 1786, ikawaweka mahali paitwapo Rambouillet, na kundi lile bado lipo hadi leo, damu yake ikiwa haijaingiliwa. Sisi tukichanganya kila kondoo tulionao, tutakosa pa kurudi siku tutakapogundua kosa.

Jambo moja zaidi, ambalo naona linasahauliwa sana: chakula cha jike mwenye mimba. Vinyweleo vingi vya sufu laini huanza kuumbika ngozini mwa mwanakondoo angali tumboni, hasa miezi ya mwisho. Mama akishinda njaa wakati huo, mwanawe atabeba upungufu huo maisha yake yote, hata baba yake akiwa dume bora kuliko wote. Maafisa ugani wakija kutufundisha kupandisha, waje na somo la malisho siku hiyo hiyo.

Ndugu Mkurugenzi, naomba ofisi yako itoe jibu la maandishi, kwa wafugaji wote, kabla dume wa kwanza hajashushwa kwenye gari: mwanakondoo dume chotara akizaliwa zizini kwangu, nimhasi, nimuuze, au nimwache apande? Na nikimhasi, dume wa kuwapanda dada zake atatoka wapi, na atafika lini?

Wako katika ufugaji,
Mfugaji wa kondoo