Pikipiki ya magurudumu manne: anayeanza achague ipi?

Mhariri,

Wanunuzi wapya wa pikipiki za magurudumu manne huvutiwa na ile ya michezo kwa wepesi na umbo lake. Kwa anayeanza, tunashauri ya kazi, tena yenye injini ya cc 300 hadi 450.

Ya michezo, mfano Yamaha YFZ450R, ina klachi ya mkono, husukumwa na magurudumu ya nyuma tu kwa cheni, na hushika kasi ghafla. Mgeni akiongeza mafuta kwenye kona, nyuma huteleza. Haina keria wala gia ya kurudi nyuma. Ikinasa, unashuka uivute.

Ya kazi hubeba mzigo mbele na nyuma, na nyingi husukuma magurudumu yote manne. Kasoro yake ni uzito: huweza kupita kilo 300, na ikikulalia mlimani ni hatari. Egemea upande wa mlima, mzigo uwe chini.

Zenye mkanda badala ya gia za kawaida za kubadilisha zina ugonjwa mmoja: kuvuta tela kwa mwendo wa pole ukiwa gia ya juu. Mkanda huteleza, hupata moto, huungua. Weka L, yaani gia ya chini. Maji yakiingia kwenye kasha la mkanda, pia huteleza.

Upepo wa tairi mara nyingi ni psi 5 tu, kwa hiyo geji ya kawaida ya gari haifai. Nunua ya presha ndogo. Na lami si mahali pake. Helmeti, bila shaka.

Wapenzi wa magurudumu manne,
Arusha