Kabla ya kununua kiyoyozi cha Mama: barua kutoka Phoenix

Phoenix, Arizona
Mwishoni mwa Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Mama, shemeji na watoto mkiwa wazima wa afya. Huku sisi sote tu wazima, alhamdulillahi, tukiwa bado katikati ya joto ambalo halitapungua kwa dhati mpaka Oktoba iingie.

Dhumuni la barua hii ni kukujibu kwa kirefu juu ya kiyoyozi cha chumba cha Mama huko Tanga. Uliniambia kwamba kaskazi iliyopita ilimsumbua sana, kwamba alikuwa akikesha akijipepea, na kwamba presha yake ilipanda, ndipo ukaona ni heri tununue kiyoyozi kabla ya Desemba. Nia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, kabla ya fedha kutoka, naomba tuyapime pamoja mambo ambayo nimeyajua kwa kuishi katika mji huu, ambako bili ya umeme ya kiangazi huwekwa kwenye bajeti ya familia mara tu baada ya kodi ya nyumba.

Nikueleze kwanza joto lenyewe lilivyo. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi joto 43 au zaidi, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai. Katika siku za namna hiyo, maji ya bomba la baridi hutoka ya moto, na ukuta unaotazama magharibi, ukiushika kwa kiganja saa nne za usiku, bado unachoma. Mwaka huo huo, katika wilaya yetu ya Maricopa, walithibitishwa watu 645 waliofariki kwa sababu zinazohusiana na joto, na wengi wa waliofia ndani ya nyumba walikutwa na kiyoyozi kilichoharibika au kisichowashwa. Kwa hiyo, Kaka, ninapozungumza habari ya kubana matumizi ya umeme, sisemi kamwe kwamba mtu mzima mwenye presha avumilie joto ili tuokoe shilingi.

Kuna kisa kimoja ambacho watu wa hapa hawajakisahau. Mwaka 2018 bibi mmoja wa miaka 72, aliyekuwa akiishi peke yake nje kidogo ya mji, alikatiwa umeme siku ya joto kali kwa deni lililokuwa limebaki la dola hamsini na kitu, baada ya kulipa sehemu kubwa ya alichodaiwa, na akakutwa amefariki nyumbani kwake. Kisa hicho kilipojulikana mwaka uliofuata, tume ya jimbo inayosimamia makampuni ya umeme iliingilia kati, na sasa kampuni inayotuhudumia sisi haikati umeme wa majumbani kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Oktoba. Deni halifutwi, linasubiri, na linazidi kukua. Ndiyo maana familia nyingi za hapa, zikiwemo za ndugu zetu Wakongomani na Warundi waliopokelewa hapa kama wakimbizi, hujifunza mapema namna ya kuliendesha joto la kiangazi lisije likawaachia mzigo wa deni la vuli.

Kilichotusaidia sisi zaidi ya vyote ni kuzijua saa. Mpango wa malipo tuliouchagua una bei mbili: kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku, siku za kazi, uniti moja ya umeme (kilowati-saa moja) huuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya saa nyingine, kwa kuwa wakati huo watu wote wanarudi makwao na kuwasha kila kitu huku joto likiwa bado kileleni. Basi sisi huipoza nyumba mapema. Kuanzia saa nane mchana kiyoyozi hufanya kazi kwa nguvu hadi nyuzi 23, na ifikapo saa kumi tunakipandisha hadi 27, na nyumba iliyofungwa vizuri hulihifadhi lile baridi kwa muda mrefu. Shemeji yako hupika asubuhi, na watoto wako wameshazoea kwamba mashine ya kufulia haiguswi mpaka saa moja ya usiku ipite.

Lakini mpango huo wa saa hautawafaa nyinyi, kwa sababu mteja wa nyumbani wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hulipa bei ileile mchana na usiku. Kwenu kinachoamua ni kiasi, na hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. Umesema nyumba ya Mama inatumia kama uniti 45 kwa mwezi, maana yake yumo katika kundi la wateja wadogo, D1, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Ukijumlisha VAT na zile tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), ambazo kwa pamoja ni asilimia 22, analipa shilingi 5,500 hivi. Sasa tuchukue kiyoyozi kidogo kinachokula uniti tano kwa usiku mmoja, jambo la kawaida kabisa: hizo ni uniti 150 za ziada kwa mwezi. Mwezi wa kwanza malipo yake ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, yatafika shilingi 60,000, na akiendelea hivyo atahamishiwa kundi la T1, la wateja wa kawaida, ambako kila uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi, na gharama itakaribia shilingi 70,000. Kibaya zaidi ni kwamba akiwa T1, hata zile uniti 45 za friji na taa, alizokuwa akizipata kwa bei ya mteja mdogo, atazilipia bei mpya.

Pangaboi, kwa upande mwingine, hula kama wati 70. Likizunguka saa kumi kila usiku, mwezi mzima halizidi uniti 21, na Mama atabaki kwenye uniti 66, ndani ya kundi lake, akilipa shilingi 8,000 na kitu. Ni kweli kwamba feni haipozi chumba, bali humpoza aliyekaa chini yake, na huku kwetu hewa ikishapita nyuzi 40 feni peke yake ni hatari kwa mzee. Usiku wa Tanga haufiki huko. Kinachomkosesha usingizi ni unyevu na lile joto linaloshuka kutoka juu, na hilo la juu tunaweza kulizuia.

Chumba chake hakina dari, na bati limekuwa jeusi kwa kutu. Bati linapikwa na jua kutwa nzima, kisha linamrudishia joto hilo kitandani. Kwa maoni yangu fedha ya kwanza iende hapo: dari ya jipsamu, matundu ya kutolea hewa moto kati ya dari na bati, na bati lenyewe lipakwe rangi nyeupe. Dirisha la magharibi liwekewe kivuli kwa nje, hata kama ni turubai au makuti, kwa maana pazia la ndani hulipokea jua likiwa limeshaingia. Dirisha la upande wa kaskazini-mashariki, ambako upepo wa kaskazi unatokea, liwekewe wavu mpya wa mbu ili aweze kulala likiwa wazi. Usikubali kuuziwa kile kipoza hewa cha kutilia maji. Hapa jangwani kinafanya kazi vizuri kwa kuwa hewa ni kavu, lakini pwani kitamwongezea unyevu juu ya unyevu.

Baada ya hayo, ikiwa Mama bado halali, au daktari wake akisema presha inahitaji chumba cha baridi, tununue kiyoyozi bila kusita. Kiwe cha inveta, yaani kinachojipunguzia nguvu chumba kikishapoa, cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), kwa chumba chake tu, mlango ukifungwa, na kiwekwe nyuzi 26 pamoja na pangaboi la mwendo mdogo. Chujio lake lisafishwe kila mwezi. La kwetu hugeuka kijivu kwa vumbi katika wiki chache, na likiziba, kiyoyozi hula umeme mwingi huku kikipoza kidogo.

Gharama ya miezi hiyo nitaibeba mimi. Huku tunalipa kiasi kilekile kila mwezi mwaka mzima, kwa kuwa kampuni hupiga wastani wa bili zetu, na nataka tufanye vivyo hivyo: nitatuma shilingi 30,000 kila mwezi kuanzia Septemba, uziweke kwenye akaunti bila kuzigusa, na zitumike kaskazi itakapokaza. Tafadhali usimnunulie uniti nyingi za akiba mapema, kwa sababu ukinunua zaidi ya 75 ndani ya mwezi mmoja, zile za ziada zitatozwa shilingi 350.

Naomba unipimie urefu na upana wa chumba, umwite fundi atoe makadirio ya dari, na unitumie risiti za LUKU za miezi sita iliyopita ili nithibitishe kama kweli yupo D1. Makadirio yakifika kabla ya katikati ya Septemba, fedha ya fundi nitaituma mwisho wa mwezi.

Mwamkie Mama kwa niaba yetu sote, na umweleze kwamba jambo lake tunalishughulikia.

Wako katika udugu,
Mdogo wako