Tairi za kuchongwa zitatumaliza madereva

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hizi tairi za kuchongwa, yaani tairi zilizoisha zinazokatwa mifereji mipya kwa kisu, maana sisi madereva wa huku Mbeya tumenyamaza sana na hali inazidi kuwa mbaya.

Mwezi uliopita nimetoka Isyonje na Fuso, viazi juu, naelekea Dar. Nilikuwa nimenunua tairi mbili za mtumba, kashata (yale meno ya tairi yanayogusa lami) nzuri kabisa, nyeusi inang'aa, nikafunga nyuma. Hata Igawa sijafika moja ikapasuka kama bomu, gari likayumba mpaka upande wa pili, Mungu tu hakukuwa na basi linakuja. Utingo akaokota kipande akaniletea akaniambia bro angalia hapa, nikaangalia ndani ya kashata naona waya unameremeta. Yaani mtu kachukua tairi kipara kapitisha kisu mpaka kagusa waya, kapaka dawa nyeusi, kaniuzia. Maji yakishaingia hapo waya unashika kutu, mpira unaachia, na ukijumlisha mzigo na joto la lami ndo unapasukiwa. Ubavuni ilikuwa na namba 3812, maana yake imetengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2012. Kosa langu sikuisoma kabla ya kulipa.

Sasa watu wakisikia hivi wanasema ritredi zote, yaani tairi zilizovalishwa mpira mpya juu, ni mbovu, hapana jamani, tusichanganye. Ritredi ya kweli tairi inakaguliwa kwanza mwili wake wote, ikiwa na jeraha inatupwa, ikiwa nzima inasagwa juu, inavalishwa mpira mpya halafu inaingia kwenye chemba inaiva kwa joto na presha masaa kadhaa. Ndege za abiria zinatua na tairi za hivyo kila siku. Na kuna tairi za lori zimeandikwa REGROOVABLE ubavuni, hizo kiwandani wameziachia mpira wa ziada chini ya kashata ili zichongwe, lakini isiyo na hayo maandishi ukiichonga unatafuta kuua watu.

Ninachoomba ni hivi, malori yote ya Tunduma kwenda Zambia na Kongo yanapita hapa, tairi zinazoisha huku ni nyingi mno, nyingine mwili wake bado mzima kabisa zinaishia kuchomwa kubabua kongoro na moshi wake tunauvuta wote. Kwa nini tusiwe na kiwanda cha ritredi cha maana hapa Uyole au Iyunga? Nchi hii iliwahi kutengeneza tairi zake pale General Tyre Arusha, na mashamba ya mpira ya Kihuhwi na Kalunga yapo, sio kitu kigeni kwetu. Na trafiki wakisimamisha gari wasiishie kuangalia kama kashata ipo, wainame waangalie ndani ya mifereji na wasome namba za mwaka, haichukui hata dakika mbili, hasa kabla gari halijaenda kushuka mlima Kitonga.

Yule muuzaji nilimrudia akaniambia tairi ya mtumba haina waranti. Ile ya pili niliitoa siku ile ile, kuna jamaa aliitaka kwa bei nzuri tu nikakataa, nimeikata ubavu kwa msumeno wa chuma isije ikafungwa kwenye gari la mtu mwingine.

Dereva wa Fuso,
Uyole, Mbeya