YAH: Mkufu wa dhahabu ya 916 mlioniuzia, kumbe shaba

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo baada ya yaliyonikuta kaunta kwenu Jumatatu. Picha na risiti ya mashine ya kodi (EFD) nimeambatanisha.

Gramu 12, laki mbili na sitini kila gramu, piga hesabu mwenyewe, ni 3,120,000 niliyodunduliza kwa ajili ya sendoff ya binti yangu. Kwenye kibandiko mmeandika karati 22, kwenye kifungo kuna muhuri 916, yaani hiyo hiyo karati 22. Narudi kwenu kistaarabu kabisa, muuzaji wenu anaushika kwa vidole viwili anauinua juu watu wote waone, anasema "Mama, huu umeubadilisha nyumbani, watu kama nyie tunawajua." Mimi!

Na sikuja kwa kuhisi tu. Wiki ya tatu mtoto shingo ilikuwa kijani, nikaenda kwa sonara mwingine, mzee wa watu akausugua kwenye jiwe akadondoshea tindikali, alama ya kifungo pale kwenye jiwe ikabaki vilevile, ya mkufu ikachemka kijani ikapotea. Yaani kifungo tu ndo dhahabu, vipete vyote vilivyobaki ni shaba imechovywa, na muhuri mmeugonga hapo hapo penye ukweli ili ufunike uongo wote. Kuuza cha kuchovya sio kosa, kiandikeni kimechovywa, mtu anunue akijua. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 mnaijua, maelezo ya uongo kuhusu kitu kimetengenezwa kwa malighafi gani, ni kosa, na Sheria ya Ushindani ya 2003 mnaijua pia.

Lakini kinachoniuma ni yule kijana. Hakuupima, hakugusa hata mizani, risiti nimemwekea mezani hakuitazama, kauinua juu tu, "watu kama nyie tunawajua", duka zima kimya, na dada mmoja aliyekuwa anajaribu hereni akauvuta mkoba wake karibu yake kama vile nitamwibia. Umri huu! Nimetoka pale sioni hata pa kukanyaga.

Naomba mnirudishie hela yangu ndani ya siku 7. Na ya sonara aliyepima, na nauli zangu za kwenda na kurudi mara tatu, na kijana huyo aniombe radhi pale pale kaunta, wateja wakiwepo. Msiniambie nichague kitu kingine dukani, sitaki chochote chenu. Tena siku 7 nyingi, nawapa mpaka Ijumaa, Jumatatu niko FCC, Tume ya Ushindani, na mkufu mkononi, halafu mahakamani, na Wakala wa Vipimo nitawaomba waje waikague hiyo mizani yenu maana hata hizo gramu 12 siziamini tena.

Mkufu siuachi kwenu "mkauchunguze" kama mlivyosema kwenye simu. Nitakuja nao, mtaupokea nikishahesabu hela.

Mteja wenu,
Mama wa bibi harusi