Barua kwa Asya, Wete

Michenzani, Unguja

Shoga yangu Asya,

Assalaam alaykum. Nimekuja likizo, sote hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza karafuu zenu zimeanza kuchumwa au bado.

Umeniuliza nasomea nini huko Uingereza, na kama kina faida kwa yule mwanafunzi wako asiyesikia. Nasomea vijia vinavyounganisha seli za mwili. Seli mbili zikigusana, kila moja hupanga protini sita duara, zikaungana na sita za jirani, pakawa na kijia cha kupitisha chumvi na molekuli ndogo ndogo. Ni kama wikio, vile vidaraja vya juu baina ya nyumba za mitaa ya zamani: unaingia nyumba ya pili bila kushuka njiani. Protini hizo ni koneksini, na kwa binadamu zipo aina kama 20. Mimi nashughulika na koneksini 43, ya moyo.

Tunachukua seli za ngozi au damu za mtu mzima, tunazirudisha kuwa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka aina nyingine za seli, kwa njia ya Shinya Yamanaka, mtafiti wa Japani aliyeanza na panya 2006, mwaka uliofuata binadamu. (Kwa hiyo mimba haiguswi, usiwe na wasiwasi.) Kisha katika baadhi ya seli hizo tunaiharibu jeni ya koneksini kwa krispa, ile zana ya kukata jeni, na seli nyingine tunaziacha nzima. Zimetoka kwa mtu mmoja, basi tofauti tukiiona tunajua pa kuitafuta. Tukizilea zikawa seli za moyo, zinapiga zenyewe kwenye kisahani. Mara ya kwanza kuziona nilisahau hata chai yangu. Kupima vijia, tunatia rangi inayong'aa ndani ya seli moja. Vikiwepo, baada ya dakika chache jirani naye anang'aa. Visipokuwepo, rangi haitoki hapo.

Sasa huyo mtoto. Ndani ya sikio ipo koneksini 26, na tangu 1997 inajulikana kuwa hitilafu ya jeni yake huleta uziwi. Mara nyingi mtoto hurithi nakala mbovu mbili, kwa baba na kwa mama, nao wenyewe wanasikia vizuri. Lakini shoga, usiende kuwaambia wazazi wake kwamba kisa ni kuoana watoto wa ndugu! Ghana hitilafu hiyo ipo sana, ila sehemu nyingi nyingine za Afrika zilizochunguzwa imeonekana kwa nadra. Homa ya uti wa mgongo nayo huweza kuleta uziwi, manjano kali ya uchangani pia. Watu wa mtaani washamsema mama wa watu vya kutosha, na sisi wasomi tusiongeze letu.

Apelekwe kupimwa masikio kwanza, na hapo skuli akae mbele akuone mdomo. Tena akianza Lugha ya Alama mapema ni bora, asisubiri vipimo.

Muulize mama yake, kwa upole, kama aliugua sana alipokuwa mchanga, unijibu kabla sijaondoka.

Wasalaam,
Shoga yako Mwanakhamis